Udongo wa Obunga Tulioupima Mara Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya udongo Kisumu, Mkuu wa Maabara alininyang'anya jembe.

"Bwana Ouma, chuma kinaacha chuma kwenye udongo. Sasa utapima nini, shamba ama jembe lako?"

Akanipa kijiko cha plastiki na mifuko safi. Ndivyo nilivyoanza kupima metali nzito, zile ambazo zikiingia ardhini haziozi, zinangoja tu.

Nilihudumu Kisian, kisha Asembo Bay, nikarudishwa Kisumu nikiwa Fundi Mkuu wa Sampuli. Hapo ndipo nilipokutana na kazi ninayojivunia hadi leo.

Kule Obunga, nyuma ya karakana iliyokuwa ikivunja betri kuukuu za magari, Mama Atieno alilima sukuma wiki. Nilichota udongo wa juu sehemu tano, nikauchanganya, nikaukausha, nikauchekecha na kuuyeyusha kwa asidi. Mashine ikaonyesha risasi, metali iliyo ndani ya betri, kupita kiasi kinachoruhusiwa. Nikarudia mara ya pili, na ya tatu. Jibu halikubadilika.

Nilirudi kumwambia Mama Atieno mwenyewe.

"Hii mboga tunakula miaka yote," akasema. "Mbona hakuna mtu ameugua?"

"Sumu hii haiangushi mtu siku moja, mama. Inaingia polepole, na watoto ndio inaumiza kwanza."

Akainama, akaanza kuing'oa mboga ile shina kwa shina, na mimi nikamsaidia.

Mwenye karakana aliposikia majibu hayo, alilalamika. Mkurugenzi wa Kanda, bosi wetu, akatuita, mimi na Mkuu wa Maabara.

"Andika kwamba vipimo vitarudiwa mwaka ujao," akaniambia.

Nikajibu, "Nimeshavirudia, Mkurugenzi. Ukitaka hivyo, andika wewe na utie sahihi."

Hakugusa kalamu. Mkuu wa Maabara akasema kwa upole, "Ripoti iende ilivyo."

Ikaenda. Karakana ikafungwa, udongo ule ukachimbwa na kuondolewa. Watoto wa pale walipimwa damu, na wawili wa Mama Atieno wakatibiwa mapema.

Sasa nimestaafu. Wenzangu niliosoma nao walijenga barabara na madaraja, na wanaweza kuwaonyesha wajukuu. Mimi sina cha kuonyesha. Kazi yetu ikifanywa sawasawa, mtoto anakua, anasoma, wala hajui kwamba kuna mtu aliwahi kupiga magoti kuipima ardhi aliyochezea. Kwangu, hiyo ni sifa tosha.