Kidole Juu ya Ramani ya Uturuki

Mume wangu alinivunja kidole cha shahada, cha mkono wa kulia, Jumamosi moja kabla ya adhuhuri, jikoni mwetu Ilford, London, kwa sababu nilimwonyesha kwenye ramani mahali ninapotaka kwenda.

Hakuwa mlevi. Naanza na hilo kwa kuwa kila niliyemsimulia baadaye aliniuliza hilo kwanza. Alikuwa mtu wa msikiti, mpole kwa watu, na vijana waliotoka nyumbani wakifika London walilala sebuleni kwetu mpaka awatafutie kazi pale ghalani alipokuwa akifanya kazi mwenyewe. Wakirudi Unguja walimsifu. Mimi ndiye niliyejua kwamba kabla ya kunipiga alikuwa akivua saa. Aliivua taratibu, akaiweka juu ya friji, akafunga dirisha, kisha ndipo akageuka. Alipiga mahali panapofunikwa na nguo. Mara moja alinipiga hata nikashindwa kuinua mikono kujifunga mtandio, nikaenda kazini nimeuviringisha shingoni kama mtu anayeona baridi.

Kazi yangu ilikuwa katika nyumba ya wazee. Niliwaogesha, niliwalisha, niliwageuza wasipate vidonda. Mpishi wa pale alikuwa mwanamke wa Kituruki, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na wakati wa mapumziko tulikaa pamoja mlango wa nyuma, yeye na sigara yake, mie na chai yangu. Kiingereza chake kilikuwa cha kukatakata na changu hakikuwa bora sana, lakini tulielewana. Alipenda kunieleza habari za mabasi ya kwao.

"Kwetu huhitaji mpango," aliniambia. "Unakwenda stesheni. Mabasi yapo, mia. Unapanda moja. Ukichoka, unashuka. Hujachoka, unaendelea mpaka baharini."

"Peke yangu?"

"Kwani nani atakubebea miguu?"

Nilicheka, lakini maneno yale nilirudi nayo nyumbani. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini na sikuwahi kulala hata siku moja katika mji niliouchagua mwenyewe. Tuliondoka Unguja baada ya Mapinduzi, nami mtoto, kwa sababu baba aliamua. Dar es Salaam tulihama nyumba kwa sababu kaka aliamua. London nililetwa na ndoa. Uturuki sikuwa na jamaa, sikuwa na harusi ya kuhudhuria wala mgonjwa wa kumtazama. Ndiyo maana ilinipendeza. Mpishi akaniletea ramani, kubwa, imechakaa kwenye mikunjo, nami nikaanza kuomba shifti za ziada.

Sikuificha. Wengi hudhani aliikuta mahali nimeificha, hapana. Jumamosi ile alikuwa anakula chapati na maharage ya nazi, amekaa vizuri, nikaitandaza mezani mbele yake.

"N'nataka kwenda Uturuki," nikasema. "Mwezi mmoja hivi. Peke yangu."

Aliendelea kutafuna. "Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Kutembea tu. Nitaanzia hapa, Istanbul," nikaweka kidole, "halafu labda huku Konya, halafu sijui. Nitaona nikifika."

"Hujui."

"Sijui bado."

Akanawa mikono. Akavua saa. Mwili wangu ulishajua la kufanya, mabega yalijikunja yenyewe, nikangoja kipigo cha mbavuni. Lakini hakunipiga. Alifunga dirisha, akaja kusimama nyuma yangu, akaushika mkono wangu kama mwalimu anayemshika mtoto amfundishe kuandika, akaurudisha juu ya ramani.

"Nionyeshe tena," alisema sikioni. "Unakwenda wapi?"

Akakishika kile kidole peke yake akaanza kukikunja kwa nyuma. Nilisema tafadhali. Nilisema siendi. Nilisema yote anayosema mtu. Alikuwa anapumua polepole, kama anayefungua mfuniko uliokaza, mpaka mfupa ukalia. Sauti ile niliisikia kabla ya maumivu. Kisha nilipiga ukelele ambao miaka yote ile nilikuwa nimeumeza.

Ghorofa ya chini yetu alikaa mama mmoja wa Kisingasinga, mjane, mzaliwa wa Kisumu. Marehemu mumewe alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa magongo huko Kenya, na gongo lake lilisimama nyuma ya mlango wa mkewe. Tulizoea kusalimiana ngazini kwa Kiswahili, yeye na Kiswahili chake cha dukani Kisumu, na mimi na changu. Aliniita beti, maana yake binti yangu. Nilimwita mama.

Nilisikia mlango ukigongwa. Mume wangu alijifuta uso akaenda kufungua, na kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwapokelea wageni akasema, "Ameunguzwa na sufuria, mama. Mambo ya jikoni."

"Toka njia," akasema yule mama.

"Nimekwambia ni sufuria."

"Mimi nasikia sufuria yako miaka mingi. Toka njia!"

Mume wangu akamsukuma. Nilimwona kutoka pale nilipokuwa nimepiga magoti, mwanamke mzee mwenye mvi, gongo la marehemu mkononi, akienda kinyumenyume na kugonga mgongo kwenye ukuta wa ngazi. Alikaa kitako kidogo. Kisha akainuka kwa kulishikilia gongo, na badala ya kupiga kichwa kama ambavyo mtu angetarajia, alipiga chini, pale kwenye muundi, mara ya kwanza na mara ya pili, kama anayetafuta mpira. Mume wangu akaanguka huku akimwita Mola wake. Mama akamruka, akaingia jikoni, akaniangalia mkono. Kidole kilikuwa kimeelekea kusiko.

"Twende, beti. Wacha viatu."

Nilitoka pekupeku. Nilipopita juu yake mume wangu alinishika kifundo cha mguu, na yule mama akamkanyaga vidole mpaka akaachia.

Hospitalini daktari aliniuliza kama nilibanwa na mlango. Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Jibu lilikuwa tayari, nilishalitumia. Mama akatangulia kwa Kiingereza, akakitaja alichokiona na alichokuwa akikisikia kupitia dari yake kwa miaka. Nililia kwa aibu kuliko kwa maumivu. Nikafungwa plasta ngumu, kuanzia kidoleni mpaka karibu na kiwiko. Polisi walimkamata wakamwachia kwa sharti kwamba asinikaribie wala kufika jengo lile, na mie nikahamia chini, chumba cha nyuma cha yule mama, chenye masanduku na harufu ya iliki.

Simu zilianza wiki ile ile. Wifi yangu alipiga kutoka Unguja, analia.

"Mwenzangu, umempeleka mumeo polisi? Kwa ajili ya safari? Mwanamke wa Kiislamu, bila ya maharimu wa kumsindikiza, aende kwa Waturuki kutafuta nini?"

"Amenivunja kidole."

"Kidole kitapona. Jina je?"

Nikaweka simu chini. Nilitamani wifi angekuwa pale chumbani nimpige kofi, mie ambaye sikuwahi kumpiga hata paka.

Basi tulipanga safari katika hali hiyo. Jumapili mpishi alikuja na mkate wake, tukaitandaza ramani ile ile juu ya meza ya mama. Mpishi alichora kwa kalamu nyekundu: Istanbul, kisha chini kufuata pwani hadi Izmir, au moja kwa moja ndani hadi Kapadokia, kwenye mapango watu wanamolala. Alisema nisiende kiangazi, bei zinapanda. Niende majani yakianza kuanguka, na kila asubuhi ninunue mkate, jibini na zeituni sokoni, mchana supu ya dengu, na nisiingie mkahawa wenye picha za chakula mlangoni. Kulala, nitafute nyumba za wageni za karibu na stesheni zenye vitanda vya wanawake. Na tiketi ninunue ya kufika mji wa kwanza tu.

Mama hakukubaliana naye. "Lazima ajue atalala wapi kila siku! Mimi nilitoka Kisumu na watoto na masanduku, sijui nitalala wapi. Hiyo siyo raha."

"Hiyo ilikuwa kuhama," mpishi akasema. "Hii ni kutembea."

Waligombana juu ya ramani yangu kana kwamba wao ndio wanaosafiri. Mwanzoni nilikuwa upande wa mama. Nilitaka kila hoteli, kila basi, kila saa, nijue. Lakini nikiwa nimekaa pale na plasta yangu nikamkumbuka mume wangu anavyoniuliza kila jioni nimetoka kazini saa ngapi, nimepanda treni ipi, kwa nini nimechelewa, nilizungumza na nani. Nikahisi hasira imenipanda kifuani kama kitu cha moto.

"Sitaki kujua," nikasema. "Nataka mtu akiniuliza Jumanne nitakuwa wapi, nisiweze kumwambia hata nikivunjwa vidole vyote."

Mama aliinamisha kichwa. Mpishi akafunga kalamu yake.

Tiketi ya ndege niliinunua katika duka la safari kwenye barabara yetu, mchana wa siku ya kazi, watu wamejaa. Nilikuwa natoka nje nikiwa bado naiangalia. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na duka la mboga la jirani. Safari hii hakuvua saa.

Alinikamata mtandio kwa nyuma akauvuta, ukanikaba. Nikaanguka chali. Akanipiga teke la ubavu, kisha lingine, akisema, "Umenifedhehi, umenifedhehi," na watu wakarudi nyuma kutupisha kama watu wanaopisha gari. Niliona viatu vyao. Alipoinama kunivuta kwa mtandio nikamng'ata mkono, kwenye kiganja chini ya dole gumba, nikang'ang'ania, nikaonja damu. Akalia. Tukaangukia kwenye makreti ya nyanya na bamia, na kwa namna ambayo mpaka leo siielewi nikawa juu yake.

Nilimpiga kwa plasta. Nilimpiga usoni kama mtu anayetwanga, na kila pigo lilinichoma mfupa mpaka begani, nikaendelea. Pua yake ilivunjika, niliisikia. Aliacha kunishika. Alikuwa ameshalegea, ameweka mikono usoni, hanifanyi kitu tena, nami bado nilikuwa napiga, na nitasema kweli, sikuwa najitetea. Nilikuwa nafurahi. Mwenye duka la mboga na mwanawe wa kike walinishika makwapa wakaninyanyua, miguu yangu ingali ikirusha mateke hewani.

"Basi, dada," yule mwenye duka aliniambia kwa Kiingereza. "Basi. Utamuua."

"Niache nimuue," nikajibu kwa Kiswahili, na ilikuwa heri hakuelewa.

Mwenye duka ndiye aliyewaeleza polisi nani alianza. Mume wangu alifungwa miezi kadhaa, kisha tukaachana, talaka ikaletwa na mmoja wa wale vijana waliowahi kulala sebuleni kwetu. Hakunitazama usoni. Kidole changu kilikuwa kimevunjika tena ndani ya plasta, hospitali wakakifunga upya, na kimebaki kimepinda hadi leo. Duka la safari lilinibadilishia tarehe. Nilingoja mwaka mzima, mpaka majani yakaanguka tena.

Niliondoka na mkoba mmoja wa mgongoni na begi moja. Mama alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege, akanilazimisha kuchukua parathe, chapati zake za siagi, zilizofungwa kwa karatasi ya foili, na akalia hata askari akaja kuuliza kuna nini.

Istanbul nilifika asubuhi yenye mvua. Basi la kutoka uwanjani liliniteremsha kwenye mteremko wa mawe, watu wanapita haraka, hakuna aliyejua jina langu. Nilisimama nikivuta pumzi. Ghafla mkono ukatokea nyuma yangu ukashika begi langu na kulivuta.

Niligeuka na ngumi. Sikufikiri. Ilimpata mdomoni mwanamume wa makamo aliyevaa fulana ya wachukuzi, mwenye masharubu ya mvi, ambaye alikuwa anataka kunibebea tu. Alikaa chini kwenye mawe yaliyolowa, akajigusa mdomo, akautazama mkono wake wenye damu, kisha akanitazama mimi, mwanamke mfupi mwenye mtandio. Watu walisimama. Mwanamke mmoja akaanza kunikaripia kwa Kituruki.

Nilikaa hapo hapo karibu naye nikalia kwa sauti, mvua inatunyeshea wote wawili. Nilisema samahani kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, hata kwa Kiarabu cha madrasa. Alitema mate mekundu pembeni, akainuka, akasoma kikaratasi nilichoandikiwa na mpishi, chenye jina la nyumba ya wageni, kilichokuwa mkononi mwangu, akalitwika begi begani akaanza kupanda mlima bila ya kunigeukia. Nikamfuata.

Mlangoni aliliweka begi chini. Akaligusa, akanyoosha mkono. Kisha akaugusa mdomo wake uliovimba, akanyoosha tena. Nikamlipa vyote viwili. Yule dada wa mapokezi aliniuliza nitakaa siku ngapi, nikamwambia sijui, akaniandikia kitanda kilicho karibu na dirisha.