Hatua Mia Tatu Zisizo na Mwenyewe

Saa moja kasoro robo asubuhi, greda la manjano linashuka mlima taratibu, likisukuma tuta dogo la changarawe pembeni mwa barabara. Ndani ya kibanda cha vioo, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu anachungulia kushoto, anachungulia kulia, kisha anavuta wenzo. Kisu cha greda kinainuka. Hatua chache mbele yake kuna jiwe lililopakwa rangi nyeupe.

Kuanzia hapo greda linatembea bure. Linayumba kwenye makorongo, linazama kwenye mashimo, linatikisika kama kabati la vyombo linalohamishwa nyumba. Baada ya hatua mia tatu hivi linafika kwenye jiwe jingine jeupe. Dereva anashusha kisu na kazi inaendelea kama kawaida.

"Umeona?" ananiuliza, akizima injini ili tusikilizane. "Kule nyuma ni halmashauri ya mlimani. Huku mbele ni ya bondeni. Hapo katikati sasa, mwenyewe hajulikani."

Watu wa pande zote mbili wanamwita Rula. Jina hilo alipewa na mhandisi mmoja wa zamani ambaye alizoea kulaza rula juu ya barabara mpya, akikodoa macho kutafuta kasoro. Kwenye barabara za mzee huyu alitafuta hadi akachoka.

Ana umri wa miaka hamsini na tisa na miezi kumi na moja. Mwisho wa mwezi huu anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kukaa juu ya greda. Mgongo wake umechakaa, masikio yanasikia nusu, na mshahara wake, anasema, umekuwa ukiisha tarehe kumi na mbili tangu alipoajiriwa. Hata hivyo ukimwuliza kama anajutia kazi yake anakutazama kama umemtukana.

Rula ndiye dereva pekee wa greda kwa halmashauri mbili. Miaka sita iliyopita bajeti za barabara zilipunguzwa karibu nusu, na halmashauri hizo zikaona kwamba zikiendelea kujitegemea kila moja peke yake zitabaki na mitaro tu. Zikatia saini makubaliano: karakana moja, gari moja la maji, mhandisi mmoja, greda moja, dereva mmoja. Siku kumi za kazi mlimani, siku kumi bondeni.

Greda lenyewe ni la kuunganisha. Injini ilitoka mlimani, kisu na kiti vilitoka bondeni, na taa za mbele hakuna anayekumbuka zilikotoka. Limefanya kazi vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Barabara ndogo ambazo zilikuwa zinachongwa mara moja kwa miaka miwili, sasa zinachongwa kila mwaka.

"Kiti hiki si changu," anasema Rula, akikipigapiga kama mtu anayempongeza ng'ombe. "Ni cha Taratibu. Mimi nimekikalia tu."

Taratibu alikuwa dereva wa greda la bondeni. Anamzidi Rula miaka mitano, na kwa miaka mingi walikutana mpakani mara moja kila mwaka, wiki chache kabla ya mvua, mmoja akitoka juu na mwingine akitoka chini.

Rula akianza kusimulia siku hizo uso wake unabadilika. Karakana ya mlimani ilikuwa na mafundi wanane na redio moja. Kila Jumamosi walicheza mpira dhidi ya karakana ya bondeni, wakiwa wamevaa mabuti ya kazi kwa sababu hakuna aliyekuwa na viatu vya mpira. Wakubwa wa ofisi hizo mbili hawakuwa wakisalimiana. Barua kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ilichukua miezi miwili, ingawa kutoka ofisi hadi ofisi ni mwendo wa saa moja kwa gari.

"Lakini sisi madereva tulikuwa tunaelewana," anasema. "Pampu yangu ikifa, Taratibu ananitolea ya kwenye stoo yao, nairudisha kabla hawajahesabu. Tairi lake likipasuka, natoa langu. Huo ushirikiano mnaouandika magazetini sisi tuliuanza na chupa ya chai, kaka."

Chupa ya chai haikuwa ya maneno tu. Wakikutana mpakani walizima injini, wakaketi kwenye tuta la udongo na kunywa chai. Kisha ukafuata mtihani. Walijaza chai kikombe cha bati hadi ukingoni, wakakiweka juu ya boneti ya pikapu iliyowaletea dizeli na kupita polepole kwenye barabara iliyochongwa, kwanza ya mmoja, halafu ya mwenzake. Chai ikimwagika, mwenye barabara hiyo ananunua chai ya mwaka unaofuata.

"Nilishinda mara nyingi," anasema Rula.

"Mwongo huyo," anasema Taratibu tunapomtembelea baadaye. "Mwulize nani alinunua chai miaka minne mfululizo."

Mawe meupe nayo yalitokana na heshima ya aina hiyo hiyo. Greda ni refu na haligeuki kama baiskeli, linahitaji uwanja. Kwa hiyo kila mmoja alisimamisha kisu kabla ya kufika mpakani ili kumwachia mwenzake nafasi ya kugeuzia, na kile kipande cha katikati wakawa wanakichonga kwa zamu, mwaka huu mmoja, mwaka ujao mwingine. Ili wasisahau mahali pa kusimama, waliviringisha mawe mawili hadi kando ya barabara na kuyapaka rangi iliyobaki baada ya kuchora mistari ya uwanja wa mpira.

Hawakumwambia mtu. Kulikuwa na haja gani? Yalikuwa mawe tu.

Kisha makubaliano yakaja, na pamoja nayo wapima barabara wenye vifaa vyao. Timu ya mlimani ilipima kutoka ofisini hadi ilipoona jiwe jeupe, ikaandika kwamba barabara yao inaishia hapo. Timu ya bondeni ilifanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili. Kila moja iliamini imefika kwenye alama ya mpaka iliyowekwa na serikali. Orodha zikapigwa mihuri, na hatua mia tatu zikabaki nje ya orodha zote mbili.

Rula alikuwepo siku hiyo. Aliwaona wakisimama kwenye jiwe lake na kuandika.

"Nilinyamaza," anasema. Anavua kofia, anaikunja, anaivaa tena. "Wiki ile walikuwa wanachagua dereva gani abaki na nani aende nyumbani. Ningesemaje kwamba sisi ndio tuliopanda mawe mpakani? Nilikuwa na watoto watatu shuleni."

Uchaguzi wenyewe haukufika mbali. Taratibu aliingia ofisini kwa hiari yake na kuomba kustaafu mapema. Aliwaambia wakubwa kwamba macho yake yameanza kumsumbua. Rula anaapa kwamba macho ya rafiki yake hayakuwa na tatizo lolote.

Kwa mafao yake Taratibu alijenga nyumba ndogo ya vyumba vitatu, pale pale walipozoea kunywa chai. Alisema anataka kukaa mahali ambapo atalisikia greda likija kutoka upande wowote. Kwa hiyo nyumba yake iko katikati ya mawe mawili, katika hatua mia tatu ambazo hazimo kwenye orodha ya mtu.

Miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea. Kila Jumanne na Ijumaa gari la zahanati huja kumchukua kwa mazoezi ya viungo, lakini dereva wake haingii kwenye makorongo yale. Huishia kwenye jiwe la bondeni na kupiga honi.

"Tunampeleka kwa toroli," anasema mke wa Taratibu, mwanamke mcheshi ambaye Rula humwita shemeji. "Toroli la kubebea matofali. Namwekea mto, jirani anasukuma. Wakati wa mvua tunateleza, tunacheka, tunalia, basi. Mvua iliyopita alikosa mazoezi wiki tano, na mkono uliokuwa umeanza kunyanyuka ukarudi kulala."

Taratibu, ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, anasubiri mkewe amalize. Maneno yanamtoka polepole lakini yanatoka yote.

"Nimechonga barabara miaka ishirini na tisa," anasema. "Leo napita barabarani ndani ya toroli. We unaona hiyo haichekeshi?"

Rula alikuwa anatazama buti zake.

Alishajaribu kukirekebisha kipande hicho kwa njia ya mkato, kabla hata ya kiharusi. Mwaka wa pili wa makubaliano, siku moja alipofika kwenye jiwe hakuinua kisu. Kumbe greda lilikuwa limefungwa kifaa kinachoonyesha lilipo na linachofanya. Baada ya wiki moja alipokea onyo: dizeli iliyotumika katika eneo hilo ilikuwa ya nani?

"Barua moja, mihuri miwili," anasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo anacheka kweli. "Walishindwa kukubaliana kuhusu shimo moja, lakini kuniandikia barua walikubaliana siku hiyo hiyo."

Tangu makubaliano yaanze, kila mwaka suala la kipande hicho lilifikishwa kwenye kikao cha pamoja, na kila mwaka pande zote mbili zilionyesha ramani. Yetu inaishia kwenye jiwe, walisema wa mlimani. Na yetu pia, walijibu wa bondeni. Suala likaahirishwa. Katika ukumbi ule ule, mzee mmoja aliyeitwa kila mara kutoa taarifa ya greda alikaa kiti cha nyuma akijua jibu.

Kilichomzuia mwanzoni kilikuwa ajira. Baadaye kikawa mafao. Aliogopa kwamba kuchezea alama za mpaka kungehesabiwa kuwa kosa la nidhamu, na kwamba faili lake lingesimama mahali fulani hadi azeeke kabisa. Mkewe alimwambia anyamaze amalize salama. Taratibu mwenyewe alimwambia hivyo hivyo.

"Nilimkataza," anakiri Taratibu. "Angenyimwa mafao, tusingekula mawe. Toroli nimelizoea."

Lakini safari hii zilibaki siku kumi na sita tu, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri. Rula akistaafu, dereva mpya ataonyeshwa mawe mawili meupe na kuambiwa hapo ndipo pa kuinua kisu. Hatabaki mtu wa kumwambia vinginevyo.

Alhamisi iliyopita kikao cha pamoja kilifanyika katika ukumbi wa halmashauri ya bondeni. Mwandishi wa makala haya alikuwepo. Viti vilipangwa safu mbili zinazotazamana, chupa za maji katikati, na ajenda ya saba ilikuwa ile ile ya kila mwaka. Ramani zilipoanza kufunuliwa, Rula alisimama kabla hajaitwa.

"Waheshimiwa, hayo mawe niliyaweka mimi," alisema. "Mimi na mwenzangu. Rangi ni ya uwanja wa mpira."

Rula alieleza yote akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele: chai, nafasi ya kugeuzia, zamu, wapima, woga wake. Hakujitetea. Mwisho alimtaja rafiki yake na toroli.

Mhandisi wa pamoja, mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yake, ndiye aliyeuliza.

"Sasa baba, mpaka wenyewe hasa uko wapi?"

"Sijui, mama," alijibu Rula. "Hatukuwahi kuuhitaji."

Diwani mmoja alianza kucheka, akafuatiwa na jirani yake, na punde ukumbi mzima ulikuwa unacheka, safu zote mbili. Dakika ishirini baadaye ajenda ya saba, iliyodumu miaka sita, ilikuwa imekwisha. Kipande kile kiliingizwa kwenye orodha zote mbili. Greda litapewa siku moja ya kukichonga: nusu ya kwanza ya siku itahesabiwa mlimani, nusu ya pili bondeni, na dizeli hivyo hivyo.

Kuhusu nidhamu, mhandisi aliandika adhabu mwenyewe na kuisoma kwa sauti: dereva aliyeweka mawe ayaondoe kwa mikono yake kabla ya kustaafu.

Siku iliyopangwa ni Jumatatu ijayo, ikiwa mvua itavumilia. Jumamosi Rula alipita kwa rafiki yake kumpa habari, na kumwambia alichokuwa ameshindwa kumwambia kwa miaka sita: kwamba kile kiti alikuwa anajua kimemfikiaje. Taratibu alimtuma mkewe ndani.

Shemeji alitoka na kikombe cha bati, kimebonyea upande mmoja, rangi ya bluu imebaki kwenye mkono tu.

"Ulikitunza?" Rula aliuliza.

"Ningekitupa na ulikuwa unadaiwa chai?" alijibu Taratibu.

Mpango wao ni huu. Jumatatu Rula atachonga, kutoka jiwe hadi jiwe, bila kuinua kisu. Jumanne asubuhi gari la zahanati litaingia hadi mlangoni. Kikombe safari hii hakitakaa kwenye boneti. Taratibu atapanda gari nacho, kimejaa hadi ukingoni, amekishika kwa mkono ule ule wa kulia unaojifunza upya kunyanyuka.

"Nitakuwa nimesimama kule mwisho namngoja," anasema Rula, akipanda tena kwenye kiti ambacho si chake. "Akinipita chai ikiwa bado imo, hapo ndipo nitajua nimestaafu."