Udi Uliotoka Kabla ya Kahawa

Mie nna hasira za karibu, sifichi. Kwa hivyo jambo hili nnalisema mwenyewe kabla hajalisema mtu mwengine: wiki iliyopita niliwafukuza wageni nyumbani kwetu, Khuwair ya Kusini, nao wakanishukuru.

Wageni walikuwa wa wifi yangu Ilona. Ilona ni Mhungaria, mke wa kaka yangu Saeed, Mungu amrehemu. Saeed alitoka Unguja kwenda Hungaria kusomea mambo ya maji, akatufuata huku Maskati na shahada yake mkononi na mwanamke mrefu, mweupe pe, hajui hata kushika mwiko. Marehemu mama alimtazama juu mpaka chini, akasema haya, atafunzwa. Kiingereza mama hakukijua, na Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu, basi Kiswahili ndicho kilichobaki baina yao. Ilona alijifunzia jikoni, huku akikuna nazi na kujikuna vidole. Leo ukimpa mgongo ukamsikia akibishana na muuza samaki, utaapa kazaliwa Malindi ya Unguja.

Alifanya kazi maabara ya hospitali miaka thelathini, na nusu ya mji huu kaitoa damu. Hatuwezi kwenda dukani tukarudi kwa wakati. Mtu mzima na ndevu zake atasimama katikati ya njia aseme, "Bi Ilona, si wewe uliyenidunga sindano nikazimia?" Naye hucheka, akamuuliza hali ya mama yake. Nyumbani anapika mchuzi wa kwao, mwekundu kwa pilipili tamu anazozianika mwenyewe juu ya dari, na watoto wote wa ukoo wamekua wakiupenda kuliko wangu. Hilo nalo nimemsamehe.

Saeed alifariki mwaka jana. Binti yao, Raghad, kaolewa Salala, huja sikukuu. Mie mjane, mtoto sikujaaliwa. Nyumba nzima tumebaki wawili, kila mtu na chumba chake, chai ya saa kumi tunakunywa pamoja. Lakini tangu eda yake iishe, nilikuwa nikijiuliza: nini kinamweka hapa? Mume aliyemleta hayupo tena. Sikumuuliza, maana jawabu nililiogopa.

Jumatatu tulikwenda Matrah kutafuta kitambaa cha mapazia. Nje ya duka la ubani walisimama mume na mke, wamewiva kwa jua, wanateta wao kwa wao. Ilona akasimama. Nikamwambia twende wifi, jua kali, hakunisikia. Akawasemesha neno moja la kwao, tena kwa sauti ya chini. Yule mwanamke akageuka, mkono mdomoni, mara wakakumbatiana katikati ya kichochoro, na mchukuzi mwenye toroli anawapigia kelele wampishe. Kumbe wanatoka mji ulio mwendo wa saa moja tu kutoka kwao Ilona. Mke jina lake Erzsi, mume Laszlo. Erzsi akawa anamshika Ilona buibui lake na shela yake, anacheka huku machozi yanamtoka. Nami nilifurahi, wallahi. Mie mwenyewe ndiye niliyewakaribisha waje kula kesho yake, hakunilazimisha mtu.

Wakaja. Nilipika biriani, Ilona akapika mchuzi wake mwekundu, na Laszlo alikula sahani tatu bila ya kuinua kichwa. Mazungumzo yao sikuelewa hata moja, nikawa naitikia kwa kichwa tu. Ilona alikuwa akicheka kicheko ambacho miaka yote hii sijakisikia. Mwanzo nilikiona kitamu. Kisha Erzsi akatoa simu akamwonyesha picha ya nyumba, mbele yake mtufaha umezaa. Ilona akavaa miwani akaitazama. Akaitazama mno. Nikamuuliza wanasema nini.

"Anasema ghorofa ya chini kwao tupu tangu mama yake afe," akanijibu, macho hajayatoa kwenye simu. "Anasema nende nikakae. Hata mwaka, hata moja kwa moja."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia nitafikiri."

Nikainuka nikaenda jikoni. Kahawa ilikuwa tayari kwenye birika, halua imeshakatwa. Nikaviacha palepale. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikatia udi juu yake, tena ule wa harusi. Kwetu udi hutoka mwisho, baada ya chakula na matunda na halua na kahawa, maneno yakishakwisha. Mgeni hufukiza nguo zake, akaaga. Ukiutoa kabla ya kahawa umeshamwambia mtu viatu vyako vile pale mlangoni, wala hukufungua mdomo. Sijapata kumfanyia mtu jambo hilo, hata wale waliostahili.

Nikaingia nao unafuka moshi. Erzsi akapiga makofi kwa furaha. Akafukiza mtandio wake, akafukiza nywele, Laszlo akapiga picha nne, kisha wote wawili wakajiegemeza vizuri kwenye viti vyao, wametulia tuli. Hawakufahamu kitu! Mle chumbani aliyefahamu alikuwa mmoja tu, naye ndiye nisiyetaka aondoke. Ilona aliwiva uso kuanzia shingoni. Akawaambia wenziwe maneno mawili matatu kwa tabasamu, akachukua mkoba wake na funguo za gari, wageni wakaniinamia kunishukuru, wakatoka wote watatu. Mie hakunitazama.

Nikabaki na chetezo mkononi. Nilitaka kumtoa Erzsi, nikamtoa wifi yangu. Nilikaa chini sakafuni nikalia, wala sioni aibu kusema.

Alirudi baada ya alasiri. Hata shela hajaivua nikaanza kumwaga yaliyomo moyoni. Nikamwambia kwamba naogopa, kwamba ile chai ya saa kumi sitaiweza peke yangu, kwamba nimefanya upumbavu na utu uzima wangu wote huu. Akaniacha mpaka nikamaliza, ndipo akakaa.

"Nimewaambia kwetu mgeni wa heshima huanziwa udi, kahawa akaijia siku ya pili," akasema. "Nimesema uongo kwa ajili yako, na njia nzima uso unaniwaka."

Nikamwomba radhi. Akanyanyua mkono ninyamaze.

"Erzsi kaniuliza ndani ya gari, nitakwenda au siendi? Nataka kumjibu, nnaona mawazo yangu yote yako kwenye kahawa. Watu wametoka nyumbani kwangu bila ya kahawa. Nimeona haya, wifi. Haya za mwenye nyumba. Ningekuwa mgeni humu ningeona haya za nini? Ningekuonea huruma wewe, basi." Akavuta pumzi. "Nimemwambia nitakwenda wiki mbili, kutembea. Ukitaka, tutakwenda sote. Kukaa, nakaa hapa."

Nikauchukua mkoba wake, nikautundika mahali pake.

Akainuka, akavua shela, akaikunja. "Wanakuja tena kesho mchana," akasema. "Utapika wewe, na kahawa utawamiminia wewe, kwa mkono wako."

Miaka thelathini na tisa wifi yangu hajapata kuniamrisha jambo. Hata chumvi huniomba kwa tafadhali. Nikasema haya, nikaenda nikafungua friza, nikatoa nyama.