Daftari la Makosa ya Wageni

Teresiah alikijua Kihispania kimoja tu, na hakuwa na habari kwamba kuna kingine. Alikiokota chumba 412, chini ya mto, kikiwa ndani ya boksi la CD kumi alizosahau mgeni. Katika hoteli ile ya Deira, Dubai, kitu kilichookotwa hukaa stoo miezi mitatu, na mwenyewe asipokidai huwa cha aliyekiokota. Wasafisha vyumba wenzake waliokota manukato na miwani. Yeye akaokota lugha.

Mwaka mzima, juu ya kitanda cha ghorofa katika chumba cha wanawake sita huko Al Nahda, alimsikiliza ndani ya CD zile bwana mmoja wa Madrid aliyetamka kila herufi kama hakimu asomaye hukumu. Gracias, asante, yule bwana aliitamka kwa th, ile ya thamani na thelathini, ncha ya ulimi ikichungulia kati ya meno. Teresiah naye akachungulisha wake.

"Wee Terry," Monicah alilalamika kutoka kitanda cha chini, "hiyo th yako inaninyeshea huku."

Mateso ya ulimi hayakuwa mapya kwake. Shuleni Nyahururu, mwalimu wa Kiswahili alimsimamisha mbele ya darasa kila alipotia r mahali pa l, kama mama yake. Alilia, akafanya mazoezi, akanyooka. Mama hakunyooka. Tena mama aliona simu ya ng'ambo haistahili Kikuyu, basi akipigiwa huuliza kwa Kiswahili, "Umeshinda sarama?" na Teresiah husogea kwanza mbali na wenzake ndipo ajibu.

Ndiyo maana wageni wa Kihispania, walioongezeka mwaka ule wa 2007, walimtia huruma. Akawanunulia daftari na kalamu nyekundu. Mfanyabiashara wa Buenos Aires alitamka yo, yaani mimi, kama sho: kosa. Mpiga gitaa wa Kuba aliuita mlango puelta badala ya puerta: makosa mawili, kwa kuwa l mahali pa r ilimchoma Teresiah moyoni. Bibi wa Bogota alitamka kila s, lakini th hakuwa nayo hata moja: ajitahidi zaidi.

"Shoga, watu wamezaliwa na lugha yao, weye wawasahihisha!" alicheka Ghania wa mapokezi, mzaliwa wa Dubai katika nyumba ya Waunguja.

"Kila lugha ina sanifu yake, Ghania."

"Haya, mwalimu. Na Kiswahili changu wakipa ngapi?"

Teresiah akafikiri kwa haki. "Saba kwa kumi."

"Saba! Mie, mtoto wa Waunguja! Toba!"

Oktoba likabandikwa tangazo: kuanzia Januari vyumba vitasafishwa na kampuni ya nje. Asiyepata kazi nyingine hotelini, viza itafutwa na atarudi kwao. Kazi mpya ilikuwa moja, meza ya kuwapokea wageni wa Kihispania. Teresiah akaiomba, na tangu siku hiyo hata usingizini alikuwa akishukuru kwa th.

Meneja, Talal, hakujua Kihispania. Akamwomba Bi Rosario, mgeni msema Kihispania aliyekaa hotelini miezi miwili na mumewe, mhandisi wa reli ya metro, azungumze na binti huyo robo saa. Wakaketi ukumbini. Talal akasimama kando. Ghania akajifanya anapanga funguo.

"Bueno día," alisalimia Bi Rosario, s mbili za buenos días zikiwa zimemezwa. Kisha akashukuru kwa chai: "Grasia."

Teresiah akatabasamu. Aliujua mtihani huu tangu darasa la nne: mtahini huweka makosa makusudi, na juu yake huandikwa *Sahihisha*. Akasahihisha. Kwa adabu, moja baada ya jingine, akiyaandika daftarini, hakuacha hata moja.

"Nani kakufundisha haya?" Bi Rosario aliuliza hatimaye.

"Ndivyo wanavyotamka Hispania, madam."

"Mimi nimezaliwa Sevilla."

"Sevilla iko nchi gani, madam?"

"Hispania."

Funguo zikaanguka. Teresiah akahisi Januari imefika. Kwa kukosa la kufanya akamsogezea lile daftari, kama mwanafunzi anayeonyesha kwamba walau alisoma.

Bi Rosario akalipekua. Kisha akaanza kuwasoma wale wageni kwa sauti zao wenyewe, sho na puelta, akicheka mpaka akafuta macho. Akaazima kalamu, na kando ya kila alama ya kosa akaandika jina la mji. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Bi Rosario mwenyewe, wa mtihani ule. Hapo hakucheka.

"Nilipelekwa shule Madrid nikiwa na miaka tisa," alisema. "Sista mmoja aliniambia nasema kama nimejaza uji mdomoni. Nikanyamaza muhula mzima."

Akamgeukia Talal kwa Kiingereza. "Anaongea kama taarifa ya habari. Hakuna atakayempenda, lakini wote watamwelewa. Naye atawaelewa wote, mimi mwenyewe wengine hunishinda. Mpe kazi."

"Khalas, mabruk," Talal akampongeza Teresiah. "Na umfundishe Ghania pia. Kile Kihispania sahihi."

Wiki moja nyuma angejibu papo hapo. "Kipi, sir?" Teresiah aliuliza, na Talal akadhani anatania.

Jioni aliketi kitandani, akapiga simu nyumbani.

"Umeshinda sarama?"

Hakusogea. "Nimeshinda sarama, mami. Nimepata kazi."

Monicah akachomoza kichwa kutoka kitanda cha chini. "Wee Terry! Kosa hilo!"

"Hiyo ni Nyahururu," akasema Teresiah, akaendelea kuongea na mama.