Nyuzi Tisini na Sita

Katika zahanati ya uzazi iliyo nyuma ya vibanda vya washonaji wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, kila chombo cha upasuaji hupita mikononi mwa Victorine. Makasi, koleo, sindano za kushonea: yeye ndiye anayeviosha, anayevifunga katika kitambaa na kuvitia ndani ya otoklave, chungu kizito cha chuma kinachokazwa kwa skrubu, ambamo mvuke wa moto huua vijidudu. Umeme ukikatika, na hukatika, chungu hicho huwekwa juu ya mbabula ya makala, yaani jiko la makaa, na Victorine hulipepea kama mtu anayepika bukari, ugali wa huku.

Jedwali lake limebandikwa ukutani, ukurasa mmoja wa kitabu cha mwongozo: shinikizo hili, joto hili, dakika hizi. Amelifuata tangu ujana wake, na sasa ana wajukuu, hajaongeza wala kupunguza. Chini ya jedwali pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba hesabu hizo ni za usawa wa bahari. Maneno hayo alikuwa akiyasoma kama mtu anavyosoma jina la mchapaji: yapo, lakini hayamhusu.

Jumatatu moja, umeme ukiwa umekatika, zahanati ikapata vipimo vipya, vikaratasi vyembamba vya kuwekwa katikati ya vyombo. Joto likitosha, kikaratasi huwa cheusi. Victorine alipofungua chungu alikuta cha kwake ni cha kijivu. Akarudia kazi yote kwa kikaratasi kingine, kijivu tena. Na chumba cha pili alikuwa amelala mama mmoja, jina lake Mujinga, uchungu umeanza polepole, mtoto ametanguliza matako, anangoja kupasuliwa.

Daktari André hakukasirika. Aliuliza tu kama vikaratasi havikuharibika njiani, akasema mtoto anaweza kungoja kidogo, si sana. Victorine alijibu kwamba yeye hatavitoa vyombo hivyo. Moyo wake ulikuwa umebanwa pande mbili: akivitoa, kidonda cha Mujinga kinaweza kuoza, akivizuia, mtoto anaweza kuchoka tumboni. Akamwita Clément, fundi wa zahanati, mtoto wa mtu wa reli.

Clément akaja na kipimajoto. Kabla ya kupima chungu alitaka kujua kama kipimajoto chenyewe ni kizima, basi akachemsha maji katika sufuria, maana kila aliyekaa darasani anajua kwamba maji huchemka kwenye nyuzi mia. Maji yakatokota. Zebaki ikasimama kwenye tisini na sita, haikwenda mbele.

“Hii iko inasema bongo,” Clément akasema, yaani uongo, akakiweka pembeni, akavuka barabara kwenda kuazima kingine duka la dawa. Alirudi anatweta. Cha pili nacho kikasimama palepale.

Victorine akamuuliza kama na hicho kinasema uongo. Clément aliviweka vyote viwili kando kwa kando.

“Mama Victorine, bantu babili ba bongo habawezi kusema bongo moja bila kupatana. Na hii mbili haijuane.”

Régine, muuguzi wa dawa za usingizi, alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alizaliwa Matadi, kule mto unakokaribia bahari, na tangu aolewe huku hajaacha kuyalaumu maharagi ya Lubumbashi, kwamba yanatokota mchana kutwa na hayaivi. Wenzake humtania kwamba kosa si la maharagi, ni la mkono. Sasa aliinama juu ya sufuria, akatabasamu.

“Mulikuwa munasema sijue kupika. Ku Matadi, maji ya kutokota iko moto kupita hii.”

Hapo Victorine aligeukia ukuta, akayasoma yale maneno madogo kwa sauti. Usawa wa bahari. Yeye bahari hajaiona. Ila baridi ya Juni anaijua, na Clément alikua akimsikia baba yake akieleza jinsi treni inavyopanda na kupanda hata kufika huku. Mji uko juu, hewa yake ni nyepesi, maji huchemka kabla hayajapata moto wake wote. Na chunguni vilevile: mshale wa shinikizo ukifika penye alama ya jedwali, joto bado liko nyuma.

Daktari akaleta kitabu kizima. Kurasa chache mbele kulikuwa na jedwali la pili, la nchi za milimani, linaloonyesha shinikizo la kuongeza kulingana na kimo. Clément alihakikisha kwanza kwamba chungu kinaweza kubeba nyongeza hiyo, kisha akarekebisha valvu inayoachia mvuke. Victorine akaongeza makala. Safari hii kikaratasi kilitoka cheusi kama mbegu ya papai, naye akavipeleka vyombo mwenyewe. Mujinga alijifungua mtoto wa kike, mzito, mwenye hasira.

Wengine walipokwenda kunywa chai, Victorine alimuuliza daktari habari za akina mama waliopasuliwa kabla ya siku hiyo. Daktari alimwambia ukweli: ndani ya chungu upungufu ulikuwa wa nyuzi mbili hivi, si nne kama kwenye sufuria, pengine haikumdhuru mtu, na vidonda vichache vilivyowahi kutunga usaha vingeweza kuwa na sababu nyingine.

“Lakini sijue, Mama. Na kitabu nayo haijue.”

Jibu hilo halikumtosha. Asubuhi iliyofuata alijifunga kitenge, akashika njia kwa miguu kwenda kwa akina mama waliopasuliwa mwezi ule. Nyumba ya kwanza walidhani amekuja kumwona mtoto, wakamwekea kiti. Alimsifu mtoto kwanza, kama inavyopasa, ndipo akamwomba mama amwonyeshe kovu. Lilikuwa kavu, limefunga vizuri. Akaligusa kwa mgongo wa kidole, akashukuru, akauliza njia ya kufika nyumba ya pili.