Tope la Ukuta Wetu

Juzi hapa kijijini Mtunda, jirani yangu alikuwa anakandika nyumba. Harufu ya udongo uliokanyagwa ikanijia, nikaacha mchicha niliokuwa nachambua, nikakaa chini. Kovu la mkono wa kushoto likaanza kuuma. Shule niliishia darasa la tatu, basi mnivumilie.

Utotoni tulikuwa tunakaa Maparoni, kijiji cha mtoni. Siku ya kukandika nyumba yetu majirani walikuja kutukanyagia udongo, ndiyo desturi, na bibi, mama yake baba, akatuhadithia habari za Nabii Adamu. Mungu alitwaa tope kama hili, alisema, akamfinyanga mtu. Malaika wakauliza, utamweka duniani atakayemwaga damu? Mungu akasema, najua msiyoyajua. Akampa dunia aitunze.

"Bibi, si angemfunga mikono tu?"

"Akifungwa mikono, dunia ataitunza kwa meno?"

Athumani Ngoda, aliyezama topeni hadi magotini, akacheka. "Mama, mimi wanifunge mdomo. Mikono yangu haina kosa na mtu."

Watu wakacheka. Nilimpenda sana Athumani.

Ukuta haujakauka, mamba akamchukua Zuhura, binti wa jirani yetu Mfaume, akiosha vyombo mtoni.

Baba alikuwa mkata boriti kwenye mikoko. Kila akitaka kushuka majini alipiga maji kwa kafi mara tatu, mamba wasogee. Miaka yote hakuguswa. Mfaume akasema, "Yule hawafukuzi. Anawaita." Basi, ikatosha.

Walikuja adhuhuri: Mfaume na panga, Athumani, na Bakari Mkumba, fundi mitumbwi. Nawataja, waliobaki hai wasikie. Baba alijificha chini ya makuti nyuma ya nyumba. Bibi akawaambia amekwenda Mbwera. Athumani akachuchumaa mbele yangu, tope la ukuta wetu bado limo kwenye kucha zake.

"Mwanangu, tunataka kumwuliza tu. Yuko wapi?"

Nikaonyesha kwa kidevu.

Walimburuta kwa miguu. Athumani alimkalia kifuani, Bakari akampiga kwa boriti aliyoikata baba mwenyewe. Nilisikia bega likivunjika kama kuni. Damu iliruka ukutani, udongo mbichi ukainywa. Nilipojitupa juu ya baba, panga likanipata mkononi. Mfaume alikuwa anakata huku analia, anamwita Zuhura. Alasiri haikumkuta baba hai.

Mamba waliendelea kuchukua watu.

Bibi aliniona nilipoonyesha. Hakunisema hata siku moja. Miaka ikapita, ndipo akanimalizia hadithi: Adamu alipokula tunda la mti aliokatazwa, Mungu alimwuliza. Iblisi naye alikuwa ameulizwa kosa lake, akajibu, wewe ndiye uliyenipoteza. Adamu akasema, nimeidhulumu nafsi yangu.

Mwaka jana nilikutana na Athumani sokoni Kibiti, mzee wa mkongojo. Alilitazama kovu langu.

"Mwanangu, ile ilikuwa imeandikwa. Binadamu hana hiari."

"Baba Athumani," nikamwambia, "hayo ni maneno ya Iblisi." Akaondoka bila kuaga.

Nimewataja watatu. Wa nne ni mimi. Nilikuwa na miaka minane, na watu huniambia mtoto hana dhambi. Lakini kidevu kilikuwa changu, na siku ile hakuna mkono uliokishika.