Albamu Iliyodhaniwa Jini

Nilipofanya kazi za nyumbani Al-Suwaidi, Riyadh, simu yangu ilikuwa na albamu moja tu. Kaka yangu aliniwekea kabla sijasafiri. Ilikuwa thrash, metal ya kasi na kelele, ya miaka ya themanini, ya bendi iliyotoa albamu hiyo moja, ikakosa wanunuzi, na wanamuziki wakarudi kwenye vibarua vyao. Hata wapenzi wa metal pale Nairobi wengi hawaijui. Ilirekodiwa vibaya: ngoma zinasikika kama sufuria zinazoporomoka kwenye ngazi. Niliipenda kwa hilo hasa.

Mlango wa nyumba ulifungwa, na ufunguo alikaa nao madam, mwajiri wangu. Mahali pekee nilipoona mbingu ni juu ya paa, kwenye mashine ya kufulia, nako kuta zilinizidi urefu. Mashine ikianza kukamua nguo, nilificha earphone chini ya kitambaa cha kichwa nikatikisa kichwa mpaka shingo iume.

Siku moja madam alipanda huko ghafla. Alinikuta nimeinama, natikisika, nanguruma pamoja na mwimbaji. Alirudi nyuma akafunga mlango. Jioni mumewe alikuja na shehe.

Ningesema ukweli, wangechukua simu, na simu ndiyo iliyoniletea sauti ya mama. Basi nikakaa kwenye zulia, mimi Mkristo, nikasomewa na kunyunyiziwa maji. Shehe alikuwa mpole, nikaona haya kumdanganya. Alipomaliza, madam aliniuliza kama jini ametoka.

“Ametoka,” nikasema.

Tangu hapo ikabidi niwe mtu aliyepona. Madam alikuja kunichungulia kila nilipofua. Mashine ilinguruma, nami nikakunja mashuka, shingo imekaza kama mti.

Mkataba ulipoisha niliomba kurudi nyumbani. Madam akasema niende kwanza Jeddah wiki chache nikamtunze mama yake, halafu halas, imekwisha, nitaondoka. Wiki zikawa mwaka, na ikama, kibali changu cha ukaazi, ikahuishwa bila mimi kuulizwa.

Yule bibi alikuwa karibu kiziwi. Alasiri moja, tukiwa wawili tu, niliunganisha simu na spika ya televisheni nikapandisha sauti yote. Bibi akaweka kiganja juu ya spika. Akauliza ni nini hicho. Kwa Kiarabu changu cha jikoni nikamjibu ni watu wenye hasira.

“Wana haki?”

“Nadhani wanayo.”

Akatikisa kichwa kukubali. Kesho yake akaitaka tena, na kila alasiri iliyofuata.

Nilipompigia madam kumkumbusha ahadi yake, aliomba nimpe mama yake simu. Nikampa, nikaenda kuosha mchele. Bibi alizungumza kwa sauti kubwa, kama viziwi wanavyozungumza.

“Huyu asiende. Ndiye pekee ninayemsikia.”

Niliendelea kuosha mchele ule hata baada ya maji kuwa maangavu kabisa. Visa yangu ya kutoka ilipatikana baada ya bibi kuzikwa. Ndani ya ndege nililia, na jirani yangu wa kiti, Mkenya mwenzangu, akanipa hongera, akidhani ni furaha ya kurudi.